Kang-woo Tulimwona Sote

Mazungumzo yangu, muuguzi mstaafu wa wodi ya akili, na wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, wiki moja kabla hawajaenda fildi kwenye wodi ya afya ya akili. Nimeyaandika kutoka kwenye karatasi nilizosomea, pamoja na yale yaliyonitoka nje ya karatasi.

Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni. Ninyi wa nyuma sogeeni mbele, sauti yangu si ile ya zamani, na hiki kipaza sauti kinakoroma kuliko marehemu mume wangu.

Naanza kwa kuwauliza. Nani humu amewahi kumwambia mtu "nimedata na wewe", au kuambiwa? Nyoosheni mikono, mwalimu wenu haandiki majina. Naam. Naona nusu ya ukumbi, na nusu iliyobaki ni waongo.

Haya, sasa nani ana ndugu yake wa damu aliyedata kweli? Baba, dada, mjomba?

Mikono imeshuka yote. Na neno ni lile lile, sijabadilisha hata herufi.

Kwenye mapenzi tunalipenda sana hilo neno. Mtu amekuwa chizi wa mapenzi, haoni hasikii, hali halali, na sisi tunampigia vigelegele. Harusini mshereheshaji analitangaza na bwana harusi anachekelea. Siku likimfika mtu kikweli, vigelegele hakuna. Mchumba anafungasha, wazee wanakaa kikao cha mahari irudi au isirudi, na kuna shangazi mmoja, lazima awepo, atakayesema "mimi niliwaambia, ile familia ina mambo yao."

Ndiyo maana leo nimekuja na habari ya tamthilia ya Kikorea. Chekeni tu. Mkuu wenu aliponipigia simu alidhani nitakuja na chati za dozi. Chati mnazo kwenye madaftari. Mimi nataka mwende wodini mkiwa mmeshamwona mtu mmoja anayeitwa Kang-woo.

Kwa Kikorea inaitwa Gwaenchana, Sarang-iya. Kwa lugha yetu tuseme "Ni Sawa, Hayo ni Mapenzi". Kituo cha SBS cha Korea Kusini kiliirusha Julai hadi Septemba 2014, sehemu 16, imeandikwa na Noh Hee-kyung na kuongozwa na Kim Kyu-tae. Kwangu ilifika kwenye flashi ya mtoto wa mdogo wangu, aliyekuja likizo akaniambia, "Mama mkubwa, wewe si ulikuwa wodi ya akili? Angalia sizoni hii uniambie kama wanadanganya." Nikaangalia sehemu ya kwanza saa mbili usiku. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimekaa pale pale, maandishi ya chini ya kioo yananiumiza macho.

Mwanamume ni Jang Jae-yeol. Anaandika riwaya za mauaji, usiku anatangaza redioni, ana pesa, ni mrefu kama mnazi, na anajua kwamba ni mzuri. Aliyemwigiza ni Jo In-sung. Mwanamke ni Ji Hae-soo, ameigizwa na Gong Hyo-jin: daktari wa magonjwa ya akili, mdomo mkali, kazi anaiweza. Wanakutana kwenye kipindi cha televisheni wakibishana, kisha wanajikuta wanaishi nyumba moja, na mengine mnayajua, mapenzi ya Kikorea hayana haraka.

Ila kila mtu katika nyumba ile ana lake. Huyo daktari anayetibu wengine, mwanamume akimsogelea karibu anatetemeka na kutoka jasho, kwa sababu akiwa mdogo alimwona mama yake na mwanamume mwingine wakati baba yake ni mgonjwa wa kitandani. Wanaishi na kijana wa mkahawa mwenye ugonjwa wa Tourette, shingo inaruka, sauti inamtoka bila ruhusa yake, na baba mzazi anamwonea aibu. Na Jae-yeol mwenyewe, tajiri mwenye nyumba, halali kitandani. Analala bafuni. Utotoni baba wa kambo alikuwa anampiga, na mahali pekee pa kujificha palikuwa chooni. Mtoto akakua, akajenga, akanunua, na bado usingizi anaupata akiwa na vigae pande nne.

Hapo tu nilishaipenda. Wengi wetu tukimwigiza mgonjwa wa akili kwenye filamu tunamvika magunia, tunamchafua uso, tunamkimbiza sokoni ili watu wacheke. Huyu mama Noh amechukua ugonjwa akauweka ndani ya mwili ambao kila mtazamaji anautamani. Ukishampenda, ndipo anakuonyesha.

Sasa Kang-woo.

Kang-woo ni mwanafunzi wa sekondari, kaptula na fulana, anataka kuwa mwandishi. Anamfuatafuata Jae-yeol, anamletea hadithi zake, anamsumbua, anacheka. Nyumbani kwao baba anapiga. Ameigizwa na Do Kyung-soo, yule mwimbaji wa EXO, kundi la muziki la Kikorea. Naona mabinti wa safu ya tatu wameamka. Unampenda yule mtoto. Unataka Jae-yeol amsaidie, unakasirika akimpuuza.

Mwisho wa sehemu ya 4 wanakimbia wawili barabarani, wanacheka, wanatupa mikono. Kamera inasogea mbali kidogo. Anayekimbia ni mmoja.

Niliruka kwenye kochi. Mimi, niliyezeekea wodini! Nikarudisha nyuma kwa rimoti, sehemu ya tatu, ya pili, ya kwanza, namtafuta mtu mwingine aliyewahi kumjibu yule mtoto hata "shikamoo" yake. Hakuna. Hajawahi kusemezwa na mtu yeyote isipokuwa Jae-yeol. Ilikuwa mbele ya macho yangu kwa muda wa saa nne nzima na sikuiona.

Nataka mshike hapo. Kama katikati ya sehemu ya pili mtu angeingia sebuleni kwangu akaniambia "mama, pale hakuna mtoto", ningemfukuza. Ningesema kadata.

Na mimi wodini niliwahi kukutana na Kang-woo wa mtu. Nilikuwa na miezi michache kazini, wodi ya wanaume. Kulikuwa na mgonjwa mmoja, fundi cherehani, mpole, kucha safi. Kila mchana akiletewa ugali na maharage kwenye sahani ya bati, anaugawa katikati kwa kidole, mstari umenyooka kama anakata kitambaa cha mteja. Nusu yake, nusu ya mgeni. Anaigeuza sahani ili nusu ya mgeni ielekee upande wa pili wa kitanda, kisha anasubiri. Mgeni asipokula, naye hali.

Mimi nimetoka chuoni juzi, cheti bado kinanuka wino. Nikamwambia, "Baba, hapo hakuna mtu. Kula." Akaniangalia kwa huruma. Nasema kwa huruma, kama unavyomwangalia kipofu anayebisha kwamba jua halijatoka. Nikaigeuza ile sahani kwa mkono wangu. Siku mbili hakugusa chakula, na vidonge akawa anavihifadhi chini ya ulimi mpaka nipite, kisha anavitema ndani ya foronya. Tulivikuta siku ya kubadilisha mashuka.

Siku ya tatu zamu ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, muuguzi wa zamani, mgongo umeshapinda. Akavuta stuli akakaa. Hakukaa upande wa mgeni; hilo nililigundua baadaye sana. Akamwambia, "Mgeni wako mimi simwoni, sitakudanganya. Lakini naona wewe unamwona, na naona unakonda. Anakuambiaje?"

Fundi akalia. Akasema ni mdogo wake, aliyefariki wakiwa watoto, na kwamba siku ile yeye ndiye aliyekula chakula cha wote wawili. Kama kisa kile kilikuwa kweli au ni ugonjwa ulikisuka, sijui mpaka leo. Ndugu zake tulipowauliza walitazamana tu. Lakini jioni ile alikula. Na dawa alimeza, akafungua mdomo mwenyewe tumkague.

Kwa hiyo nilipofika sehemu za mwisho za tamthilia nilikuwa namwangalia Hae-soo nikimlinganisha na yule mama wa stuli. Ameshajua kwamba mpenzi wake ana skizofrenia, ule ugonjwa wa kuona na kusikia ambavyo wengine hawavioni. Ameshajua kwamba Kang-woo ni Jae-yeol mwenyewe wa utotoni, yule anayepigwa. Na mambo yamekuwa mabaya, kwa sababu Kang-woo sasa anaumwa, anakaribia kufa, na mtoto yule akifa hakuna anayejua mwenye mwili atafanya nini. Kuna na siri ya mahakamani nyuma yake: zamani Jae-yeol alimtupia kaka yake kosa la kifo cha baba wa kambo ili kumwokoa mama yao. Kaka akafungwa. Hatia ya namna hiyo haikai kimya, inajitafutia umbo.

Hae-soo habishani na Kang-woo. Anamwomba Jae-yeol amtazame yule mtoto vizuri, atafute kisichoingia akilini. Na Jae-yeol anapotazama, anaona miguu.

Kang-woo hana viatu. Toka mwanzo! Mwandishi alituwekea pale pale, na sisi watazamaji tulikuwa tumekodolea uso mzuri wa EXO. Miguu mitupu, michafu, ina michubuko. Ni miguu ya mtoto anayemkimbia baba wa kambo, ambaye hakupata nafasi ya kuvaa.

Basi siku ya kuagana, hospitalini, Jae-yeol hamfukuzi. Anamkalisha, anamwosha miguu. Polepole, kidole kwa kidole. Anamvika soksi, anamvika viatu vipya. Mtoto anamuuliza kama asije tena. Wanaagana.

Nimeosha miguu mingi kazini, wanangu. Mgonjwa aliyeletwa usiku ametembea kutoka wilaya nyingine bila viatu, kitu cha kwanza ni beseni la maji ya uvuguvugu, kwa sababu dripu hujui ataipokeaje lakini maji ya moto miguuni kila mtu anayapokea. Sijawahi kuona kwenye filamu mtu akiuosha ugonjwa wake mwenyewe miguu. Nililia, nikazima televisheni, nikaenda kufua.

Mtoto wa mdogo wangu aliuliza kama wanadanganya. Kuna mahali wanadanganya, ndiyo. Kwanza, daktari na mgonjwa. Hae-soo alimpenda kabla hajajua kwamba ni mgonjwa, sawa, lakini ninyi msije mkaniletea kesi. Mtu aliye mikononi mwa wodi yako hawezi kukukatalia, kwa hiyo hata "ndiyo" yake haihesabiki. Pili, wodi yenyewe. Nimetafuta kwenye zile kuta kunguni hata mmoja nikamkosa. Tatu, muda. Sehemu mbili mtu ameshaagana na sauti zake. Wa kwangu wengine niliwaacha wodini nilipostaafu.

Penye dawa hawakudanganya sana. Wamemwonyesha yule mwanamume mzuri akiwa amelazwa, mzito, macho yamezimika, maneno yanachelewa, na mpenzi wake anajikaza asilie mbele yake. Hilo mtalikuta. Ndugu watawafuata koridoni wakisema "mlimpokea anaongea, sasa mmemfanya gogo." Msiwakaripie. Wanachokiona ni kweli. Waelezeni dozi hupangwa upya, waelezeni ni wiki ngapi, na mwiteni daktari.

Na Wakorea walikuwa na sababu ya kukaa chini waandike kitu kama hiki. Nchi yao kwa miaka mingi imekuwa juu kabisa kwa vifo vya kujiua miongoni mwa nchi za OECD, ule umoja wa nchi zenye uchumi mkubwa, pamoja na utajiri wote ule wa simu na magari. Sheria yao ya afya ya akili ya wakati ule iliruhusu mtu alazwe asipotaka, ikitosha ndugu wawili waridhie na daktari mmoja akubali. Fikirieni ndugu wawili wenye tamaa ya shamba. Septemba 2016 Mahakama yao ya Katiba ikasema kifungu kile hakipatani na katiba, na Mei 2017 ikaanza kazi sheria mpya inayotaka madaktari wawili wa hospitali tofauti kama mtu atazuiwa kwa muda mrefu. Kwenye tamthilia, ya 2014, mama ndiye anayeridhia mwanawe aingizwe wodini. Nilipoiangalia mara ya pili nikijua hayo, ule mkono wa mama niliutazama kwa jicho jingine.

Jambo jingine walilolifanya, mwaka 2011, ni kubadilisha jina. Skizofrenia zamani waliiita jeongsin bunyeolbyeong, ugonjwa wa akili iliyopasuka. Wakaiita johyeonbyeong. Johyeon ni kukaza nyuzi za ala ya muziki. Aliyekaa karibu na mpiga udi pale Unguja anaijua kazi hiyo: kabla ya taarab kuanza, fundi anainamia udi wake, anakaza, analegeza, anagusa uzi mmoja anasikiliza, anakaza tena. Udi ambao nyuzi zimelegea haukuvunjika, na hakuna anayeutupa.

Sisi tunasemaje? Nati zimelegea. Fyuzi imekatika. Waya zimegusana. Lugha ya gereji tupu, ingawa nati angalau hukazwa. Na ukitaka kumtukana mtu Dodoma unamtajia Mirembe, Nairobi unamtajia Mathari. Hospitali nzima imekuwa tusi. Sisemi jina jipya linatosha. Hata kule johyeonbyeong nalo liliishia kwenye vichwa vya habari za mauaji, watu wakaanza kuliogopa kama la zamani. Lakini mgonjwa anaposikia kwa mara ya kwanza kinachomsumbua, ni tofauti kuambiwa umepasuka na kuambiwa nyuzi zinahitaji kukazwa.

Kuna picha moja kwenye ile tamthilia ya ngamia aliyefungwa kwenye mti, na kisa chake: wachungaji wa jangwani humfunga ngamia usiku, asubuhi wanamfungua, naye habanduki pale alipo, kwa sababu anakumbuka usiku alipofungwa. Mwanafunzi yeyote wa kutoka Marsabit atanisahihisha kuhusu ngamia. Kuhusu watu, nimewaona. Tuliwahi kumwambia mama mmoja ameruhusiwa, geti hili hapa, gari la ndugu zake lile pale nje. Alisimama kwenye geti lililo wazi mpaka saa sita mchana.

Nyingine ya Kikorea mnayoijua ninyi vijana ni ile ya 2020, ya mhudumu wa hospitali ya akili, mwandishi wa vitabu vya watoto, na kaka mwenye usonji anayeogopa vipepeo. Hiyo nisiiharakishe, ina siku yake. Ila kuna kitu kimoja ndani yake mnaweza kuondoka nacho leo. Pishanisheni mikono kifuani, kila kiganja kiguse bega la upande wa pili. Sasa pigapigeni, kulia, kushoto, kulia, kushoto, taratibu, mnapumua. Na wewe mwalimu. Hilo ni kumbatio la kipepeo. Halikubuniwa Korea, lilitoka Acapulco, Mexico, Lucina Artigas alipokuwa akiwasaidia walionusurika kimbunga Pauline cha 1997. Likafika Seoul, likaingia kwenye tamthilia, sasa liko humu. Mgonjwa mwenye hofu kuu usiku wa manane, na wewe uko peke yako na vitanda 40, unaweza kumfundisha kwa dakika mbili ukiwa umesimama mlangoni bila kumgusa.

Naona mkono. Sema, mwanangu.

Anauliza kama yule fundi cherehani alipona.

Alirudi mara tatu. Mara ya kwanza kaka zake walimleta amefungwa kamba nyuma ya pikapu. Alama za mikononi nilizipaka dawa mimi. Mara ya pili walimleta bila kamba. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, kwa daladala, kabla hawajamwona nyumbani kwamba ameanza. Mswaki kwenye mfuko wa shati, tepu ya kupimia shingoni. Nadhani alisahau kuivua. Akaketi kwenye benchi la mapokezi akasubiri zamu yake kama mtu aliyekuja na malaria.

Nikamuuliza mgeni yuko wapi. Akasema amemwacha stendi, hakuwa na nauli ya watu wawili.